Waifai inakatakata kwenye Linux

SWALI: Habari fundi, naomba msaada maana nimeshachoka. Laptopu yangu ina Linux Mint, nikiwasha waifai inashika vizuri tu, ila nikiiacha kidogo bila kuigusa au nikichomoa chaji kurasa zinagoma kufunguka, na wakati huo alama ya waifai inaonyesha imejaa kabisa. Nikizima waifai nikawasha tena inarudi. Simu yangu kwenye rauta hiyohiyo haina shida yoyote. Kuna mtu kaniambia nifute Linux niiweke upya, wewe unaonaje? Teminali naiogopa kidogo lakini nitajaribu.

JIBU: Usifute kitu ndugu yangu. Ukiweka upya utapoteza siku nzima alafu utakutana na shida ileile, sababu draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai) ni ileile na mipangilio inayokuja na mfumo ni ileile. Tena maelezo yako ni mazuri sana, umesema inakufa ukiiacha na ukichomoa chaji, na simu iko sawa, hapo mi mawazo yangu yote yanaenda kwenye kubana umeme.

Iko hivi. Kadi ya waifai inaruhusiwa kusinzia ili betri idumu, na ikisinzia rauta inaitunzia data zake, alafu kila baada ya muda mfupi sana (rauta nyingi ni kama mara 10 kwa sekunde) inatoa tangazo kwamba fulani una mzigo wako hapa. Kadi inatakiwa iamke, isikie, ichukue. Sasa kuna kadi na draiva ambazo hazijui kuamka vizuri, zinachelewa au zinapitwa na tangazo kabisa, na wewe unaona alama imejaa ila hakuna kinachopita, yaani ndo hicho ulichonieleza.

Ila kabla hujabadili chochote tupime kwanza, maana watu wengi wanahangaika na laptopu kumbe laini ya intaneti yenyewe ndo mbovu. Fungua teminali uandike ip route, ule mstari unaoanza na default una anwani ya rauta yako, mara nyingi ni kitu kama 192.168.1.1. Fungua madirisha mawili, moja uandike ping (inauliza "upo?" na kupima muda wa jibu) na hiyo anwani, la pili ping 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje intaneti), uyaache yaende mpaka shida itokee. Rauta ikiacha kujibu au majibu yakaruka kutoka milisekunde 3 mpaka 800, tatizo liko kati ya laptopu na rauta, tuendelee. Rauta ikijibu vizuri ila 8.8.8.8 kimya, hilo ni la anayekuuzia intaneti. Na zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki, angalia DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), waifai iache.

Sasa dawa. Andika iw dev upate jina la kadi yako (kama iw haipo, sudo apt install iw, hiyo sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi), linaweza kuwa wlp2s0 au wlan0, alafu weka jina lako badala ya wlp2s0:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Itumie hivyo ukiwa umechomoa chaji. Ikitulia basi tumempata mwizi, lakini hiyo amri inapotea ukizima kompyuta, kwahiyo ili idumu fungua hili faili kwa sudo nano (nano ni ya kuhariri maandishi):

/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Utaona wifi.powersave = 3, ibadili iwe 2, hifadhi, alafu sudo systemctl restart NetworkManager. 3 ni kuwasha kubana umeme, 2 ni kuzima. Betri itapungua kidogo, ni bora hivyo kuliko kukatikiwa katikati ya kazi. Na kama uliwahi kuweka TLP (programu ya kutunza betri), angalia pia /etc/tlp.conf weka WIFI_PWR_ON_BAT=off, maana TLP yenyewe inawasha kubana umeme kila ukichomoa chaji, utazima huku inawasha kule.

Isipotulia, acha sudo dmesg -w (inaonyesha ujumbe wa mfumo) ikiwa wazi usubiri ikatike, usome mistari ya mwisho. Ukiona deauthenticated from na anwani ya rauta, basi rauta ndo imekufukuza, nenda kwenye mipangilio yake. Ukiona malalamiko ya firmware (programu ya ndani ya kadi), sasisha kifurushi cha linux-firmware uwashe upya. Pia iw dev wlp2s0 link inakupa nguvu ya mawimbi, -50 dBm ni safi, ikishuka mpaka -75 hivi au chini yake tatizo ni umbali au kuta, hakuna amri ya kukusaidia. Ukiwa kwenye 2.4 GHz jaribu 5 GHz kama rauta inayo, kule 2.4 kuna Bluetooth, kuna majirani wote, na hata kifaa cha USB 3.0 kilichochomekwa karibu na antena kinaleta kelele.

Jambo moja nakusihi, usinakili tu mistari ya mipangilio ya iwlwifi (draiva ya waifai ya Intel) unayoikuta mtandaoni. Hiyo ni ya kadi za Intel peke yake (lspci -k itakuambia una kadi gani), na ile 11n_disable=1 wanayoipenda inazima 802.11n nzima (aina ya waifai yenye kasi zaidi ya ile ya zamani), utabaki na kasi ya zamani ya 54 Mb/s alafu uje uulize mbona intaneti imekuwa nzito.

SWALI: Natumia waifai ya kuchomeka USB, ya Realtek, draiva niliichukua nikaijenga mwenyewe. Juzi nimesasisha Ubuntu waifai imepotea kabisa, nifanyeje?

JIBU: Keneli (kiini cha Linux) imebadilika na draiva yako ilijengwa kwa ile ya zamani. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kompyuta ikianza kuwaka) ingia Advanced options uchague keneli ya nyuma, waifai itarudi. Ukishapata intaneti weka dkms (inayojenga draiva upya keneli ikibadilika) pamoja na linux-headers-generic, alafu ijenge draiva upya kupitia DKMS (nyingi za Realtek zina maelekezo yake kwenye README), kuanzia hapo itajijenga yenyewe kila keneli mpya ikija.