Rangi chini ya mikarafuu

Nyuma ya nyumba yetu, huku Mkoani, Pemba, ardhi inateremka hadi kwenye bonde la mpunga. Juu yake ipo mikarafuu ya babu, mfenesi na miembe miwili, na jua linapenya kwa vipande vipande. Mwaka wa kwanza nilipanda maua kwa mistari inayoshuka na mteremko, kwa sababu ndivyo yalivyopendeza kuyatazama kutoka barazani. Masika ilipopamba moto, maji yakafuata njia niliyoyachimbia mwenyewe. Miche yangu nikaiokota bondeni, kwenye mpunga wa jirani.

Basi kabla ya kununua mche, ushike kwanza udongo. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, zifunge pamoja juu, kisha funga ya tatu katikati upate umbo la herufi A, ndicho kipimo chako cha usawa. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, tia alama kamba inapogusa fito ya katikati, badilisha miguu nafasi, tia alama ya pili. Kamba ikitulia katikati kabisa ya alama hizo mbili, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Tembea nayo ukikita vijiti na utapata mstari unaokata mteremko. Hapo chimba mtaro, panga makumbi ya nazi tumbo likitazama juu, ufukie. Makumbi hunywa maji ya mvua na kuyaachia taratibu kiangazi. Ukingoni panda mchaichai, mizizi yake hushika udongo vizuri sana. Ila usichimbe karibu na shina la mkarafuu, maana mizizi yake inayolisha mti iko juujuu.

Kivulini usitafute maua, tafuta majani. Bogenvilia niliyoiweka chini ya mkarafuu ilinipa miba tu. Nafasi yake ni ukingo wa juu, penye jua la kutwa. Koliasi yenye majani mekundu na kaladiamu yenye mishipa ya waridi hustawi kwenye jua la vipande. Krotoni iko katikati. Yangu ilipokuwa chini ya mfenesi kila jani jipya lilitoka kijani kitupu. Nikaihamisha hatua tatu, pale jua la asubuhi linapofika. Majani ya zamani hayakubadilika, lakini yaliyofuata yalichanua na mshipa wa manjano katikati, na yalivyokomaa yakaingia wekundu kuanzia ukingoni. Nilikuwa naenda kuyatazama kila nikitoka kuswali alfajiri.

Kaladiamu hupotea kabisa kiangazi. Usidhani imekufa ukaichimbua, kiazi kimelala. Kita kijiti upajue. Na iweke mbali na watoto na mbuzi, kwani ikitafunwa huchoma mdomo vibaya.

Chini kabisa, panapobaki unyevu, nimepanda mtasubihi, na mkilua mmoja karibu na njia. Huo si wa rangi, maua yake hata huyaoni vizuri, lakini bustani ya Pemba isiyonukia kilua mimi siielewi.

Vipandikizi vya krotoni vikate mwishoni mwa Septemba, urefu wa shubiri moja, uvikite kwenye mchanga kivulini. Mvua za vuli ni za kiasi, zitaviotesha bila kuving'oa, na masika itavikuta vimeshashika.