Je, diski ina "masafa ya mwangwi"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea uhandisi, na naandika kwa Kiswahili muhtasari wa mradi wangu wa kupima mitetemo ya diski kuu ya kompyuta. Kichwa nimekiandika "Kukisia masafa ya mwangwi wa diski kuu kwa kuchambua ishara". Mwenzangu anasema hakieleweki. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kasema kweli. "Kuchambua ishara" pako sawa, paache.

Mwangwi ni sauti yako inayogonga mlima au ukuta ikakurudia. Unachopima wewe ni kitu kingine. Mkono unaobeba kichwa cha kusomea una mdundo wake wa asili, kama bembea. Ukisukumwa kwa mdundo huohuo, hata kwa nguvu ndogo, hutetemeka kupita kiasi. Hapo hakuna kinachorudi, kuna kinachoitika. Neno "mwitikio" nalipenda sana, maana lina ngoma na kiitikio ndani yake, lakini wahandisi watalihitaji kwa kila jibu la mtambo, kubwa na dogo. Andika resonansi, na linapotokea mara ya kwanza lifafanue kwa mfano wa bembea.

Kazi iko kwenye masafa. Maana yake ya msingi ni umbali, ndiyo maana tuna makombora ya masafa marefu. Redioni tunasema "masafa mafupi" tukikusudia urefu wa wimbi, na papo hapo tunasema "masafa ya 98.5" tukikusudia idadi ya mitetemo. Msikilizaji hapotei, kwa kuwa anajua anatafuta kituo. Msomaji wako atapotea, kwa sababu ndani ya diski umbali ni jambo zito: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayohifadhi data kwa nanomita chache tu. Atajiuliza ni masafa yapi.

Usikimbilie "mizunguko kwa sekunde" pia, maana sahani zenyewe zinazunguka. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na grafu yako inaweza kuonyesha vilele kwenye 120, 240 na 360 vinavyoletwa na mzunguko huo. Kasi ikibadilika, vilele hivyo huhama, ilhali kilele cha resonansi ya mkono hubaki karibu palepale. Hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta katika mradi mzima, basi usiifute kwa neno moja linalobeba yote mawili. Mzunguko uachie sahani, mtetemo upe marudio, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na kipimo chake kiwe hezi.

Tena, tenga kutikisa na kutetemesha. Mwaka 2016, mjini Bucharest, Romania, jaribio la mfumo wa gesi ya kuzimia moto katika kituo cha data cha benki lilitoa kelele kali iliyoharibu diski nyingi. Kelele ile haikuzitikisa kama mtu anavyotikisa mti wa embe. Ilizitetemesha, kwa mwendo mdogo na wa haraka mno.

Kukisia ni kubahatisha. Wewe una vipimo mkononi, kwa hiyo unakadiria.

Kichwa chako, basi: "Kukadiria marudio ya resonansi ya mkono wa diski kuu kwa kuchambua ishara".