MUULIZE SHANGAZI: Viza yangu iliisha kitambo na nimeolewa na Mmarekani, nirudi Nairobi nikaombee makaratasi huko?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkenya niko Texas. Niliingia 2018 kwa viza ya kutembea, pale eapoti wakanipa miezi sita, ikaisha nikabaki. Kazi nimefanya ya kutunza wazee, bila kibali. Mwaka jana nimeolewa na Mmarekani mzaliwa wa hapa, tunaishi pamoja na tunapendana kweli. Sasa marafiki wananiambia eti kwa vile viza iliisha siwezi kupata grinikadi nikiwa hapa, lazima nirudi nyumbani nikafanyiwe intavyu ubalozini halafu mume ndio anivute. Mama naye anaumwa, na nina binti wa miaka 13 nilimwacha kwa dada yangu. Nimeanza kuangalia tiketi, usiku silali. Nifanyeje? — M., Texas

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo tiketi usinunue, na kama umeshanunua basi usipande hiyo ndege mpaka umalize kusoma hapa na uonane na wakili wa imigresheni, manake hao marafiki wanakupenda lakini wanakupeleka shimoni.

Iko hivi. Mtu akikaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 halafu akatoka, anafungiwa nje miaka 3. Akikaa mwaka mzima au zaidi akatoka, anafungiwa miaka 10. Hiyo sheria ni ya 1996 na siku zinahesabiwa kuanzia Aprili 1997. Sasa sikiliza vizuri hapa, hiyo adhabu inaanza pale unapotoka. Ukiwa ndani bado haijakushika, ukivuka mpaka tu imekushika, hata kama una mume raia na cheti cha ndoa na picha za harusi albamu nzima. Wewe umekaa miaka kibao. Ukienda Nairobi leo, ubalozi utakwambia subiri miaka 10 au uombe msamaha, na huo msamaha lazima uthibitishe kwamba mumeo atapata mateso makubwa kupita kiasi bila wewe. Kumkosa tu hakutoshi.

Na kumbe wewe njia unayo hapohapo ulipo! Sheria inasema mke au mume wa raia ni ndugu wa karibu kabisa, na ndugu wa karibu aliyeingia kwa kukaguliwa na afisa mpakani anaweza kuomba grinikadi akiwa ndani ya Marekani hata kama viza iliisha na hata kama alifanya kazi bila kibali, hayo mawili kwa ndugu wa raia hayazuii ombi. Kwa hiyo swali kubwa kwako sio viza iliisha lini, ni uliingiaje. Wewe uliingia eapoti, afisa akakuona, akakugongea. Ushahidi wake ni rekodi ya I-94, na kwa walioingia kwa ndege kuanzia 2013 inapatikana kwenye tovuti ya mamlaka ya forodha na mipaka, unaweka namba ya paspoti uliyoingia nayo inatoka. Itafute leo, ichapishe. Na ile paspoti ya zamani usiitupe hata kama imeisha muda, muhuri ule ni mali.

Mumeo anajaza I-130 kusema huyu ni mke wangu, wewe unajaza I-485 kuomba grinikadi, na kwa ndugu wa raia hizo mbili zinaweza kwenda pamoja kwenye bahasha moja. Hapohapo unaweka I-765 ya kibali cha kazi. Tangu Aprili 2024 I-130 ya karatasi ni dola 675, I-485 ni dola 1,440 na kibali cha kazi kikienda na I-485 ni dola 260, ila angalia tovuti ya USCIS, ile idara ya uhamiaji ya Marekani, siku unayotuma maana ada hubadilika na wakikuta umelipa pungufu wanakurudishia kifurushi chote. Fomu ya daktari, I-693, siku hizi inatakiwa iende pamoja na I-485, na sio daktari yeyote, ni yule aliyeidhinishwa na USCIS. Mumeo atajaza pia I-864 ya udhamini, kipato chake kinatakiwa kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotolewa na serikali kila mwaka kulingana na watu wa nyumba yake, akipungukiwa anaweza kutafuta mdhamini mwingine aungane naye. Mwambie aisome kabla ya kusaini, manake huo udhamini haufi hata mkiachana.

Haya, sasa nakuja kwenye mambo ambayo ndiyo yananinyima usingizi mimi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaangukia, na hakuna anayewaambia.

La kwanza, ulipoomba kazi ulijaza fomu ya I-9, kila mwajiri anajazisha. Pale juu kuna vijisanduku, uchague wewe ni raia, au una grinikadi, au una kibali. Kuna wengi walitiki raia ili wapate shifti na wakasahau. Mwanangu, kujidai raia wa Marekani ili upate kazi ni kosa ambalo kwa kawaida halina msamaha, haijalishi umeolewa na nani. Kufanya kazi bila kibali kunasameheka, kudanganya uraia hakusameheki. Kujiandikisha kupiga kura nako ni hivyohivyo. Kama kuna kitu cha namna hii, usijaze karatasi hata moja kabla wakili hajajua, mwambie kila kitu, yeye hatakuchongea, siri yako ni kazi yake.

La pili ni ndoa ya nyuma. Huyo baba wa binti yako, mlioana? Sisemi cheti tu, nasema hata kimila, mahari ikatolewa, au nikaha ikafungwa. Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila na ya Kiislamu sawasawa na ya kanisani, kwa hiyo kama ulikuwa na ndoa ya namna hiyo na haikuvunjwa kisheria, Marekani wanaweza kusema hii ya Texas haipo. Sio mwisho wa dunia, inarekebishika, lakini inarekebishwa kabla ya kutuma, na talaka ya mahakama au ya Kadhi mkononi, na pengine mfunge ndoa upya na huyu mume. Halafu kumbuka ile fomu uliyojaza ukiomba viza. Wengi waliandika wameolewa ili waonekane wana sababu ya kurudi nyumbani, kumbe hawajaolewa, wengine hawakuandika watoto. Afisa ana hiyo fomu kwenye kompyuta yake na atakuuliza. Kama ulidanganya, wakili anahitaji kujua mapema maana udanganyifu wa viza una msamaha wake wa kuombwa, ila ukiwahi kuusema mwenyewe ni tofauti kabisa na ukikamatwa nao umekaa mbele ya afisa.

Hiyo intavyu mtakwenda wote wawili, na wanachotafuta ni kujua kama mnaishi kweli, mkataba wa nyumba wenye majina yenu, akaunti ya benki mnayoitumia wote, ripoti za kodi mlizopeleka pamoja, bima, meseji, picha na watu wa kwao. Nyinyi mnaishi kweli kwa hiyo anzeni tu kuweka karatasi kwenye faili. Na yeyote anayesoma hapa akifikiria kumlipa mtu amwoe, aache. Ni jela hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na ukishapatikana na ndoa feki huombewi tena na mtu yeyote, hata ukaja kupata mume wa kweli baadaye.

Sitakuficha kwamba hali imekaza. Agosti 2025 USCIS waliandika wazi kwamba I-130 hata ikikubaliwa haimkingi mtu na kuondolewa nchini, na Novemba mwaka huohuo huko San Diego kuna waume na wake wa raia walikamatwa wakiwa kwenye intavyu ya grinikadi, watu ambao kosa lao lilikuwa viza kuisha tu. Haimaanishi usiombe. Kukaa bila kuomba hakukulindi hata kidogo, ila nenda na wakili, na umuulize mapema kama kuna amri yoyote ya jaji yenye jina lako, kama uliwahi kuitwa mahakamani ukaogopa kwenda basi amri inawezekana ilitolewa ukiwa haupo. Na ninaposema wakili nasema wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kwenye shirika la msaada, wapo wa bei nafuu. Yule mjaza fomu wa mtaani ambaye kila mtu anamjua, anayesema yeye amefanyia watu wengi, sheria haimruhusu kukushauri na akikosea unayeumia ni wewe.

Mama. Hili najua ndilo linakuvuta. Ukishatuma I-485 unaweza kuomba ruhusa ya kusafiri kwa I-131, na kuna uamuzi wa 2012 wa bodi ya rufaa za imigresheni unaosema anayetoka kwa ruhusa hiyo hahesabiki kuwa ametoka kwa ile adhabu ya miaka 10. Kuna maombi ya dharura pia mzazi akiwa mahututi, hapo barua ya hospitali inasaidia. Lakini ukitoka bila hiyo ruhusa mkononi ombi lako linahesabika umelitupa na miaka 10 inaanza. Na hata ukiwa nayo, kurudi ni mpaka afisa wa eapoti akubali, kwa hiyo wakili akwambie kwanza, usiende kwa kusikia. Najua ni vigumu kumsikia mama kwa simu tu. Mpigie kila siku, mtumie cha dawa, na umweleze ukweli kwa nini hujaja, wazazi wetu wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Na binti yako ana bahati ya miaka. Kwa sababu ndoa yenu imefungwa akiwa hajafika 18, mumeo anahesabika baba wa kambo kisheria na anaweza kumwombea I-130 yake peke yake. Haingii kwenye ya kwako, watu hukosea hapo, kila mtoto fomu yake. Mwandike kwenye fomu zako zote kuanzia mwanzo.

Grinikadi ikitoka ndoa ikiwa haijafika miaka miwili, utapewa ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnajaza I-751 kuondoa hayo masharti. Weka tarehe kwenye simu. Na hili nawaambia wote, mume akianza kukupiga au kukutishia na makaratasi, kuna njia ya kujiombea mwenyewe bila yeye na bila yeye kujua, I-360, na iko kwa wanaume pia. Hakuna anayelazimika kuvumilia kipigo kwa ajili ya kadi.

SWALI: Shangazi, mimi niliingia kwa viza ya shule, ada ikanishinda nikaacha chuo. Mke wangu ana grinikadi, sio raia. Na mimi naweza kuomba hapahapa? — Kijana wa Minnesota

JIBU: Kwa sasa hapana kijana wangu, kwa kawaida ule msamaha wa viza kuisha ni wa mke au mume wa raia, wa mwenye grinikadi hana. Lakini msikae tu. Mkeo akujazie I-130 sasa hivi, halafu yeye akimbilie uraia, kwa kawaida ni miaka 5 tangu apate grinikadi na fomu ya N-400 inaweza kutumwa siku 90 kabla ya kufika. Siku akiapa, ile I-130 inapanda daraja na wewe unatuma I-485. Umesema viza ya shule, kama I-94 yako imeandikwa D/S badala ya tarehe, yaani uliruhusiwa kukaa muda wote wa masomo, zile siku za miaka 3 na 10 huenda hazijaanza kuhesabika kwako kabisa mpaka USCIS au jaji atoe uamuzi. Ni habari njema, ila isikufanye upande ndege. Mwonyeshe wakili hiyo I-94 kwanza.

SWALI: Mimi ni baharia wa Mombasa, nilishuka melini Houston 2016 sijarudi. Sasa nina mke Mmarekani na mtoto. Nilichosoma kwa watu wengine ni kwamba ukiwa na mke raia uko sawa. — Baharia

JIBU: Kaka, nasikitika kukwambia wewe sheria yako ni nyingine. Walioingia kwa viza ya wafanyakazi wa meli au ndege kwa kawaida hawaruhusiwi kuomba grinikadi wakiwa ndani, hata mke akiwa raia, kwa hiyo hiyo I-485 ya wenzako usiitume, ikikataliwa inaweza kukufungulia kesi ya kuondolewa. Wale waliovuka mpaka bila kukaguliwa nao wengi wako kwenye kundi hilihili. Kinachobaki ni mkeo kutuma I-130, ikikubaliwa unaomba msamaha wa I-601A ukiwa bado Marekani, ukionyesha mateso atakayopata mkeo, mateso ya mtoto yanasaidia tu yakionyeshwa yanavyomgusa mama yake. Kusanya barua za daktari wa mkeo, madeni, nani analea mtoto mkeo akiwa kazini. Huo msamaha unafuta kosa la kukaa tu, kama kuna jingine haufuti, na ukishaupata ndio unasafiri kwenda intavyu Nairobi. Usisafiri kabla haujatoka, na kwa kesi kama yako wakili awe ameshawahi kushughulikia mabaharia, muulize hilo kabla hujamlipa.