Yuniti Mia Moja

Juzi muuguzi mmoja kijana kaniandikia: "Sista, nimempa mgonjwa dozi siyo. Yuko hai, ila mimi silali." Namjibu hapa ili na ninyi wenzangu msikie, maana najua sote tunataka kuwa yule muuguzi ambaye mgonjwa akirudi humuulizia kwa jina.

Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, chati ilisema insulini 10U, yaani yuniti kumi. Ile U ilifungwa juu kama sifuri, nikasoma 100. Bomba la insulini la mililita moja ni yuniti 100 kamili, nikalijaza lote. Lilipojaa nikashtuka: mbona nyingi hivi? Lakini kumwamsha daktari kwa swali niliona aibu. Nikachoma.

Baadaye nikamkuta mzee wa watu amelowa jasho, maneno hayaeleweki. Sukari imeshuka vibaya. Tukawa naye na dripu ya glukosi mpaka kukakucha. Akapona. Mimi nikasemwa mbele ya wenzangu kama mwizi wa kuku. Aliyeandika ile U hakuulizwa hata neno. Bado inaniuma, sifichi.

Wodi ninayoiongoza sasa, "yuniti" inaandikwa neno zima. Insulini haichomwi mpaka mwenzako asome chati na kuhesabu mwenyewe, siyo umwoneshe bomba na kumwambia "si ndiyo kumi hizi?" Hapo ndipo wengi mnapojidanganya: ukishampa mtu jibu, atalikubali. Agizo la simu lirudie: "kumi, moja sifuri." Mwanzoni waliniita Mama Maswali. Waite tu.

Na ulizeni, jamani! Ile orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ina mambo 19 ya kuhakikisha, na moja ni watu kutajiana majina kabla ya kisu. Unaweza kucheka. Hospitali 8 zilipoijaribu, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si majina peke yake, lakini mtu unayemjua jina ni rahisi kumwambia "subiri kwanza".

Sasa wewe mdogo wangu: andika ripoti leo. Uandike na kilichokuponza, kama ni mwandiko, giza, au vichupa viwili vinavyofanana vilivyopangwa rafu moja. Wakitaka jina lako tu, wape, na hivyo vichupa uwawekee mezani.