Ganzi ya meno: hesabu inayowaangusha watahiniwa

SWALI: Shikamoo daktari. Najiandaa na mtihani wa leseni ya udaktari wa meno. Maswali ya kiwango cha juu cha ganzi yananichanganya kila mara. Nianzie wapi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye asilimia. Lidokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita, hivyo kichupa cha mililita 1.8 kina miligramu 36, na cha 2.2 kina 44. Wengi huangukia hapa: wamekariri 36, swali linaleta kichupa cha 2.2. Mgonjwa wa kilo 50, kwa kiwango cha miligramu 4.4 kwa kilo, mwisho wake ni 220, yaani vichupa 5 vya 2.2, basi. Swali likitaja 7 kwa kilo, tumia hiyo. Usibishane na karatasi.

Kisha angalia kama mgonjwa ana ugonjwa wa moyo. Hapo kinachobana ni adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi, si lidokeini. Kikomo kinachofundishwa ni mikrogramu 40. Mchanganyiko wa 1:80,000 una 12.5 kwa mililita, sawa na 27.5 kwa kichupa cha 2.2. Ukimaliza cha pili, umefika 55.