Mabango ya kielektroniki barabarani: nilichojifunza nikivuta trela Texas

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama tukifunga mabango ya kielektroniki njia ya Dar hadi Tunduma, yawe yanaonyesha idadi ya waliokufa kwa ajali mwaka huu, madereva watapunguza mwendo. Wengi wamekujibu kwamba watapunguza, maana kifo kinatisha. Naomba nitofautiane nao. Njia hiyo nimeiendesha miaka sita, na huu ni mwaka wa saba navuta trela Texas, Marekani, zaidi kati ya Dallas na Houston kwenye barabara kuu ya I-45. Mabango unayoyasema napita chini yake kila siku.

Hicho unachokipendekeza Texas walikifanya. Kuanzia Agosti 2012, wiki moja ya kila mwezi, mabango yalionyesha idadi ya waliokufa katika barabara za jimbo zima tangu mwaka uanze. Nia ilikuwa njema kabisa. Jimbo lile linahesabu kwamba tangu 7 Novemba 2000 haijapita hata siku moja bila mtu kufa barabarani.

Nakumbuka usiku wa kwanza kulisoma bango hilo. Idadi ilikuwa imepita elfu tatu. Nikajikuta napiga hesabu: ukiwapakia kwenye mabasi ya abiria sitini ni mabasi hamsini, yote yamejaa, na hakuna anayefika. Nikamkumbuka na shemeji yangu tuliyemzika Makambako. Nilipozinduka kulikuwa na gari dogo mbele yangu, limeingia kutoka barabara ya kuunganisha, na sikuwa nimeliona likija. Nilikanyaga breki na tani 36 nyuma yangu. Tuliachana kwa nafasi ndogo mno. Kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa gari linakula mita 29 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tano za kuwaza mabasi ni karibu mita 150 za barabara ambazo hakuna aliyeziangalia.

Nilidhani ni udhaifu wangu. Kisha Aprili 2022 ukatoka utafiti wa Jonathan Hall na Joshua Madsen katika jarida la Science. Walichukua mabango 880 ya Texas, wakalinganisha ile wiki ya kuonyesha vifo na wiki nyingine za mwezi. Katika kilomita 10 baada ya bango, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5. Makadirio yao ni ajali 2,600 zaidi kwa mwaka, na vifo 16 zaidi. Idadi inayoonyeshwa ikiwa kubwa, madhara yanakuwa makubwa. Na mahali barabara ilipo ngumu, penye michepuko na magari yanayoingia na kutoka, hali ni mbaya zaidi. Nilisoma mara mbili, nikakaa kimya. Ujumbe wa kuokoa watu ulikuwa unawapunguzia akili waliyoihitaji dakika ileile.

Sasa msinielewe vibaya, mabango haya siyachukii. Asubuhi za baridi bango linapoandika kwamba daraja lililo mbele lina barafu, naachia mafuta mapema, na nikitazama vioo naona kila mtu amefanya hivyo. Likisema njia ya kulia imefungwa maili mbili mbele, nahamia kushoto kwa utaratibu, sisubiri mpaka nione koni za plastiki. Hata lile linalosema dakika ngapi kufika katikati ya Houston hunituliza, kwa sababu dereva anayejua foleni itachukua dakika arobaini hahangaiki kuovateki ovyo. Haya yote yanaongelea barabara niliyopo, saa niliyopo, na yananipa kitu cha kufanya kwa mikono na miguu. Idadi ya vifo inanipa huzuni tu, na huzuni haina pedali.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi. Katika jimbo moja nililokuwa napita mara kwa mara, bango liliandika "ajali mbele" kwa siku tatu mfululizo baada ya barabara kusafishwa. Siku ya kwanza nilipunguza mwendo, siku ya pili nilipunguza kidogo, siku ya tatu sikupunguza kabisa. Wiki iliyofuata liliandika hivyohivyo, na safari hiyo lilikuwa linasema kweli. Nilishika breki nikiwa nimechelewa. Anayewasha bango na kusahau kulizima anawafundisha madereva kulipuuza.

Wakuu, sisi tulishakuwa na mabango yetu kabla ya umeme. Lori likiharibika mlima Kitonga, kwenye njia hiyohiyo ya Tunduma, utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani, moja hapa, jingine kule, mpaka unalifikia gari lenyewe. Nani kati yetu amewahi kuyapuuza matawi mabichi? Dereva anayekuja akikuwashia taa mara mbili unajua kuna askari wa tochi ya kupima mwendo mbele, na mguu unaondoka wenyewe kwenye mafuta. Tawi halitaji waliokufa mwaka jana. Linasema kuna kitu hapa, punguza sasa.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: kama fedha ya bango moja ipo, liwekwe juu kabla ya kuanza kushuka Kitonga, mahali paliponyooka na dereva ana nafasi ya kusoma, si kwenye kona wala kwenye mizani ambako magari yanasongana. Mistari miwili, maneno machache: "Lori limeziba kona ya pili. Tumia gia ndogo." Na awepo mtu zamu ya usiku mwenye simu ya askari walio eneo lile, ambaye kazi yake ni kulizima mara tu lori linapoondolewa.