Sanduku la Wasomaji: DJ Screw na kaseti za kijivu za Houston

Toleo lililopita tulimgusia DJ Screw wa Houston, Texas, didjei aliyepunguza mwendo wa nyimbo za rap kwenye kaseti na kuyarudia maneno yake kwa mkato, kwa aya moja tu, na barua zikamiminika. Tumechagua hizi.

Wakuu, nimepunguza spidi ya wimbo kwa programu ya simu, lakini sauti ya msanii imebaki nyembamba vilevile, tena inakwaruza kwa mbali kama redio mbovu. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Umebonyeza sipo. Programu nyingi zina njia mbili za kupunguza. Ya kwanza hupunguza mwendo tu na kuiacha sauti palepale ilipokuwa. Ili ifanye hivyo inabidi iikate sauti vipande vidogovidogo na kuvivuta, na huko kukwaruza unakokusikia ndiko kunakotoka. Ya pili hushusha mwendo na sauti kwa pamoja, kama santuri inayozungushwa taratibu. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ukitumia Audacity, ambayo ni ya bure, achana na tempo, chagua kubadili spidi, kisha andika 0.80. Wimbo wa dakika 4 utakuwa wa dakika 5, na sauti itashuka karibu nusu-toni 4, yaani hatua nne za vibonye vya piano. Ukienda hadi 0.75 inashuka nusu-toni 5, na wimbo wa mapigo 92 kwa dakika unakuwa wa 69. Chini ya hapo maneno yanaanza kumezwa, nasi hatukushauri.

Usiipime kazi yako kwa spika ya simu. Besi iliyokuwa hezi 50 ukiipunguza kwa robo inakuwa hezi 37.5, na simu haiwezi kuitoa kabisa, hivyo utadhani umeipoteza. Kanda za Screw zilikuwa muziki wa garini, spika kubwa zikiwa zimejaa buti.

Zingatia pia mpangilio. Mashine zake za santuri, Technics 1200, hupunguza asilimia 8 tu, yaani kama nusu-toni moja na nusu. Hiyo haikumtosha. Alichanganya kwanza kwa mikono, akarekodi kwenye kinasa cha kaseti chenye njia nne, kisha akaishusha spidi tena wakati wa kuhamishia kwenye kanda nyingine. Kupunguza kulikuja mwishoni. Wanaopunguza kwanza ndipo wakate, yaani warudie neno kwa kuruka kati ya santuri mbili, hupata makali ya mkato yanayoumiza masikio. Ukikata kwanza, hata mkato wenyewe unalainika unapopunguzwa.

Huo mkato hasa unafanywaje? Nina mashine mbili za santuri na mikisa. (Didjei, Mombasa)

Unahitaji nakala mbili za santuri ileile. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana kila wimbo unaununua mara mbili. Zicheze kwa spidi moja, ya kulia ikiwa nyuma ya kushoto kwa pigo moja kamili. Kwenye wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja ni kama theluthi mbili za sekunde. Hakikisha kwa hedifoni kwamba hazipishani, kisha sukuma kitelezo cha mikisa kwenda kulia kwa pigo moja, ukirudishe. Msikilizaji atasikia neno lilelile mara mbili.

Lakini hesabu vizuri: santuri ya kushoto haikukusubiri. Ulipokuwa kulia unarudia pigo la kwanza, kushoto lilipita la pili. Ukirudi unaangukia la tatu. Kinachosikika ni moja, moja, tatu, nne. Kila unachorudia kinakula kinachofuata, kwa hiyo rudia pale ambapo pigo linalofuata ni ngoma tupu au msanii anavuta pumzi. Ukikata katikati ya mstari mzito, umemla msanii neno lake. Screw alizijua nyimbo kwa moyo, ndiyo maana mikato yake haikumeza maana. Kasoro ya pili ni kuzidisha. Ukikata kila mstari, inakuwa kigugumizi.

Aliuzaje bila kampuni kubwa wala redio? (Msomaji, Nairobi)

Kwa mlango wa nyumba yake. Robert Earl Davis Jr., aliyezaliwa Julai 20, 1971, alikulia mji mdogo wa Smithville, akahamia Houston kwa baba yake aliyekuwa dereva wa lori. Miaka ya 90 mteja alimletea orodha ya nyimbo azipendazo, naye akamtengenezea kanda yake mwenyewe, mara nyingi ya siku ya kuzaliwa. Ndani yake kulikuwa na salamu za majina ya washikaji na vijana wa mtaani wakichana mistari papo hapo. Nakala zake ziliuzwa kwa wengine, dola 10 moja. Jioni magari yalipanga foleni nje kiasi kwamba polisi walishuku ni biashara ya unga. Mwaka 1998 akafungua duka, Screwed Up Records & Tapes.

Kundi la hao wachanaji likaitwa Screwed Up Click: Fat Pat, Lil' Keke, Big Moe, Big Pokey, Big Hawk na wengine wengi. Kama hujasikia hata kanda moja, anza na June 27 ya mwaka 1996, siku ya kuzaliwa ya mshikaji wake DeMo. Humo vijana wanapokezana kipaza sauti kwa zaidi ya nusu saa juu ya mdundo mmoja wa kundi la rap la Kris Kross. Hakuna kiitikio, hakuna haraka. Kwa maoni yetu hakuna studio ya fedha nyingi iliyowahi kuitengeneza hali ile.

Nawasalimu. Mwanangu wa miaka 17 anapenda muziki huu, nami nimesikia unaendana na kunywa dawa ya kikohozi. Ni kweli? (Mama, Dodoma)

Shikamoo mama. Muziki wenyewe hauna kosa, na Screw alikanusha kwamba ulitokana na dawa hiyo. Ila dawa ilikuwepo, na iliwamaliza. Screw alikutwa amekufa studioni kwake Novemba 16, 2000, akiwa na miaka 29. Uchunguzi ulitaja kodeini, iliyomo kwenye dawa hiyo ya kikohozi, pamoja na dawa nyingine. Pimp C wa kundi la rap la UGK alifuata Desemba 4, 2007, kwa kodeini na promethazini, naye tayari alikuwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini.

Kodeini hupunguza kasi ya kupumua. Promethazini huongeza usingizi, na pombe huzidisha yote mawili. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, mlaze ubavu na mkimbize hospitali mara moja. Msimtapishe. Msiseme aachwe alale itamtoka, kwani wengi hufia humo. Chukueni na chupa, madaktari waione.

Jina Screw lilitoka wapi? Na je, George Floyd aliwahi kurap naye? (Msomaji, Muscat)

Ni skrubu hasa. Alikuwa akizikwaruza kwa skrubu santuri asizozipenda, rafiki akamtania, jina likaganda. Na ndiyo, Floyd aliyeuawa Minneapolis mwaka 2020 alikulia Houston, na anasikika kwenye kanda za Screw kwa jina la Big Floyd.

Nimetumiwa kaseti ya kijivu na ndugu aliyeko Texas. Niichezeje bila kuiharibu? (Msomaji, Zanzibar)

Screw alipenda kaseti za kijivu za Maxell, za dakika 100, hamsini kila upande. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa kaseti ya dakika 60, kwa hiyo hunasa na kuvutika upesi. Safisha vichwa vya dekki kwa spiriti na pamba, subiri vikauke. Kaza utepe uliolegea kwa kalamu kabla ya kuiingiza. Usiipeleke mbele na nyuma kwa kasi. Icheze mwanzo hadi mwisho mara moja huku ukiirekodi kwenye kompyuta, kisha ihifadhi mbali na jua. Ukisikia mvumo mkubwa na matoazi yamefifia, huenda ni nakala ya nakala. Na usiipunguze tena. Mitandaoni kumejaa kanda zake zilizopunguzwa mara ya pili na watu waliodhani wanamsaidia.